Dungusi za Chiwata

Binti yangu Neema alikuja likizo, na badala ya kuniletea kitenge kama mabinti wa wenzangu wanavyofanya, akaniletea miiba. Ilikuwa imeoteshwa kwenye chungu kidogo kilichopakwa rangi nyeupe: vichwa vinene vya kijani vimebanana pamoja, kila kimoja kimejihami kuliko mwenzake. Akaiweka dirishani sebuleni, akarudi nyuma kuitazama, akaja tena akakigeuza chungu kidogo. "Mama, huko mjini watu wanaigombania hii. Ni pambo. Wala haikusumbui kwa maji." Nikamwambia kwetu Newala pambo hilo tunaliita mdungusi, na tuliwawekea mbuzi wasiingie kwenye muhogo. Alicheka sana, akanipiga picha nikiwa nimeununia mmea wake, kisha akaenda kulala. Vijana wa siku hizi wakija likizo wanalala kana kwamba huko walikotoka walikuwa wanabeba mawe.

Kesho yake nilikuwa nafuta vumbi pale dirishani, akili iko kwingine, mgongo wa mkono ukaigusa. Mtu aliyekulia kwenye midungusi anajua kwamba miiba mikubwa haina shida, unaiona na kuikwepa. Shida ni ile midogo isiyoonekana, inayoingia kwa mafungu na kuhamia. Unahisi kuchomwa, unautazama mkono, huoni kitu. Nikakaa kwenye kochi na kitambaa changu cha vumbi, nikawa naukwangua mkono kwa ukucha, na hapo nikamkumbuka baba yangu. Sura yake nimeanza kuisahau na hilo linaniuma, lakini siku ile nilimkumbuka mzima mzima, na uchovu wake wote.

Tuliishi nyuma ya kanisa, katika nyumba ya katekista, kuta za matofali na sakafu ya saruji iliyopasuka. Katekista mwenyewe alikuwa baba. Nyuma ya nyumba palikuwa na midungusi ambayo wamisheni wa zamani waliipanda iwe ua wa makaburi. Wao wakaondoka, ua ukakosa mwenyewe, ukajiotea ulivyotaka. Ulikuwa vichaka vichaka, majani yake mapana yenye unene wa kiganja yameota moja juu ya jingine, na ukilikata jani na kulitupa, pale lilipoangukia ndipo lilipoota. Kila kitu kikishakauka, nyasi zimekuwa vumbi, ndipo yenyewe ilipotoa maua ya njano. Mama aliyapenda mno. Akinamama wenzake wa kanisani walikataa kuyaweka altareni kwa sababu ya ile miiba, basi yeye akaotesha jani moja kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akaliweka barazani. Mapambo mengine nyumbani kwetu hayakuwepo.

Maua yakianguka, matunda yalikaa kijani muda mrefu bila haraka yoyote, mpaka mvua zikikolea ndipo yakawa mekundu ya kuelekea zambarau. Hapo sisi watoto hatukushikika. Tuliyaangua kwa kijiti chenye panda, tukayaviringisha mchangani kwa tawi la mkanju, yaani mkorosho, mpaka vile vinywele vitoke vyote, tukayapasua, tukayafyonza. Ni tunda la maji maji, utamu wake ni wa kujipa moyo, na ndani limejaa mbegu ngumu. Mama alitukataza kwa sababu ya mbegu hizo, maana zinafunga choo, na mtoto aliyefungwa choo na dungusi hulia mpaka majirani waje kuuliza kuna msiba gani. Tuliitikia ndiyo mama, na tukala.

Tulikuwa tunakamatwa na majivu. Newala maji yalikuwa ya kubebwa. Akinamama walishuka bondeni alfajiri na ndoo, wakapanda nazo mlima, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwaga maji chooni. Chooni tulimwaga majivu ya jikoni, asubuhi na jioni, juu ya saruji kuzunguka shimo, ili yanyonye na yakate harufu. Sasa dungusi ina tabia yake: ukila nyingi, mkojo unatoka mwekundu. Ukidondokea kwenye majivu, unabaki pale pale na rangi yake. Mama alitoka chooni na kopo la majivu, akasimama katikati ya uwanja: "Nani kala dungusi?" Mimi na wadogo zangu wawili tukatazama chini, kila mmoja akitafuta kitu mchangani. Adhabu ilikuwa kuchambua mbaazi mpaka jua lizame.

Kwa hiyo kwangu mimi mkojo mwekundu haukuwa na maana nyingine. Mtu akikojoa hivyo, amekula dungusi, basi.

Baba alikuwa mtu wa kuchoka, nasema hivyo kwa mapenzi. Siku za kazi alikuwa shambani kwenye mikanju yetu. Jumamosi alipanda baiskeli akashuka mlima kwenda Chiwata, ambako kulikuwa na kanisa dogo lisilo na katekista, akaongoza ibada ya Jumapili, kisha akarudi akiisukuma baiskeli kupanda mlima wote ule. Tulimsikia kabla hatujamwona, mnyororo unalia na yeye anapumua. Tukimkimbilia na shikamoo zetu alisema marahaba, marahaba, halafu akasema, "Niacheni kwanza nikae." Alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, anatazama mbele. Nilidhani akina baba wote wako hivyo, kwamba kuchoka ni sehemu ya ubaba kama ndevu.

Msimu mmoja wa kuokota korosho, zamu ya majivu ilikuwa yangu. Asubuhi nikaingia chooni mara tu baada ya baba kutoka, kopo mkononi, nikaona wekundu. Ulikuwa mwingi, zaidi ya wetu wa siku yoyote. Nilifurahi! Mtu mzima, katekista, anayesimama mbele ya watu kusema tusitamani, na yeye anaiba dungusi. Nikamwaga majivu haraka haraka juu yake, nikatoka mbio. Baba alikuwa anafunga gunia tupu nyuma ya baiskeli.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, Agnesi."

"Baba, umekula dungusi."

Mikono yake ikasimama. "Nani kakwambia?"

"Nimeona kwenye majivu. Lakini simwambii mama."

Akaendelea kuikaza kamba. Alikuwa amenipa mgongo, sikuuona uso wake. "Basi usimwambie."

"Lakini zetu ndiyo kwanza zina maua. Wewe umezipata wapi?"

Akafunga fundo la mwisho. "Chiwata," akasema. "Huko chini zinawahi."

"Tamu?"

"Tamu sana."

Tangu siku hiyo nilikuwa na siri na baba, na sijui kama kuna kitu nimewahi kumiliki kikanifurahisha vile. Nilijitwalia zamu ya majivu hata za wadogo zangu. Akitoka chooni naingia, nafukia, natoka, namtazama, naye ananitazama. Wakati mwingine alinishika kichwa akipita. Nilimwonea raha jinsi alivyokuwa anakula peke yake huko Chiwata bila mtu wa kumwambia habari za kufunga choo.

Siku moja nilichelewa kurudi kutoka shule, mama akanitangulia chooni. Nilimkuta amesimama uwanjani na kopo lake, lakini hakupiga kelele kama kawaida. Aliniita kwa sauti ya chini.

"Agnesi, umekula dungusi?"

"Hapana, mama."

"Wadogo zako je?"

"Hapana."

Akageuka kuitazama midungusi. Ilikuwa njano tupu, maua juu mpaka chini. Nikaona wadogo zangu wanakwenda kuadhibiwa bure, na siri ikanitoka. "Ni baba, mama. Anakula za Chiwata. Huko chini zinawahi."

"Kakwambia hivyo?"

"Ndiyo."

Mama alisimama na lile kopo. "Haya," akasema. Akarudi chooni, akamwaga majivu mengi, nikayaona yanatimka kwa juu ya ukuta. Jioni alipakua ugali wa muhogo, akamwekea baba, akakaa upande wa pili wa moto asile. Nami nikaelewa kila kitu, kwa akili yangu ile. Mama ni mzaliwa wa Chiwata. Mumewe anakwenda kila wiki kwao, anakula matunda ya kwao, hamletei hata moja la kuonja. Hata ningekuwa mimi ningesusa.

Nikamwambia baba. Nilimvizia akifunga safari ya Jumamosi, nikamwambia mama amekasirika, angalau amletee na yeye dungusi. Baba akanigeukia. Aliuliza, "Mama yako anajua?" Nikasema anajua, nimemwambia mimi, anisamehe. Hakunigombeza. Alipanda baiskeli akaenda, na siku ile alikwenda polepole kuliko siku zote.

Alirudi na miwa. "Dungusi zimeisha," alimwambia mama mbele yetu wote, akimnyooshea ule mzigo. "Nimekuletea hii." Mama alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi, akaingia nayo jikoni. Nilimfuata nikitegemea kipande. Alikuwa anamenya muwa na machozi yanamtiririka, anamenya tu, hajifuti. Nikaona jamani, watu wazima nao, mtu analia kwa ajili ya dungusi na miwa mizuri namna ile ipo. Alinipa kipande, nikaenda nje kukila.

Korosho zilipokwisha kuokotwa, baba alianguka mlimani. Vijana wa njiani walimleta kwa machela, mmoja akisukuma baiskeli yake nyuma. Alipelekwa hospitali na mama, sisi tukabaki na shangazi. Hawakukaa sana huko. Walirudi, na nyumba ikawa ya watu kunong'ona. Nilisikia "kibofu," nikasikia "imechelewa," na shangazi akimwita Mungu kwa lugha yetu, "Nnungu wangu," mara nyingi akidhani hatumsikii. Ukubwani ndipo niliposimuliwa vizuri. Baba alikulia chini kabisa, kando ya mto Ruvuma, akaogelea humo utoto wake wote, na kichocho kilimwingia siku hizo, ndicho kilichokuja kumla kibofu. Kwao kila mvulana alifikia umri wa kukojoa damu, na wazee walicheka wakisema huyo sasa anakua. Basi damu ilipomrudia akiwa baba wa watoto watatu, mwanzoni hakuishtukia hata kidogo.

Alilala barazani kwenye kitanda cha kamba, karibu na lile kopo la mama lenye mdungusi. Mvua zikaja, zikakolea, dungusi zikaiva. Safari ile hakuna aliyetukataza. Nilichuma zilizo nyekundu kabisa, nikampelekea kwenye sahani, nikamwambia anisubiri nikachukue tawi la mkanju nizisafishe. Niliporudi nilimkuta ameshika moja kwa kiganja kizima, amefumba vidole, anaipeleka mdomoni ili anifurahishe.

"Baba, miiba!"

Aliiachia, lakini ilikuwa imekwisha kumwingia, viganjani na kwenye midomo. Nilisimama na tawi langu. Mtu aliyewahi kula dungusi hata mara moja katika maisha yake hawezi kuishika hivyo. Hata mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa bado anakosea kuvaa suruali, asingeishika hivyo. Baba aliniona ninavyomtazama, akajua nimejua.

"Haya, nifundishe basi zinavyoliwa," akasema.

Nikamfundisha. Kwanza nilikwenda jikoni nikaomba ugali wa moto, nikaukanda, nikawa naubandika kwenye vidole vyake na kuubandua, naubandika na kuubandua, maana ugali wa muhogo unanata na unang'oa vile vinywele. Midomo yake nilifanya taratibu sana. Yeye alifumba macho. Kisha nikaviringisha dungusi mchangani, nikapasua, nikampa nusu. Alifyonza, akatema mbegu kwenye kiganja changu. "Tamu kweli," akasema. Nilitaka kumwuliza kwa nini aliniambia zile za Chiwata, nikashindwa, nikamlisha nusu ya pili. Alifariki kabla msimu haujaisha, na mwaka ule sikula tena.

Haya yote yalinirudia kwenye kochi, mkono ukiwasha. Jumamosi iliyofuata nikapanda gari kutoka hapa Lisekese ninakoishi kwenda Newala kumwona mama. Ni mzee sasa, anakaa kwa mdogo wangu, miguu inamsumbua lakini kichwani yuko sawasawa. Nilimwamkia, nikamsimulia pambo la Neema, akacheka mpaka akakohoa. "Ndani ya nyumba? Kwenye dirisha?" Tulikula, tukaongea habari za watu. Halafu nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza.

"Mama, siku ile ya majivu, nilipokwambia baba anakula za Chiwata. Uliamini?"

Hakuhitaji kukumbushwa siku gani. "Agnesi, mimi nimezaliwa Chiwata. Nimechunga mbuzi wa babu yako kichaka kwa kichaka. Kule kwetu dungusi hakuna. Haijawahi kuota hata moja."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua nikiwa nimeshika kopo."

"Mbona hukumwuliza?"

Alijipapasa magoti. "Alitaka amalize korosho. Nikasema akimaliza ataniambia mwenyewe. Mimi namngoja aniambie, yeye ananingoja nimuulize. Kila jioni nampakulia, nasema leo. Na kila jioni amechoka, na mimi nimechoka, maji nimebeba, shamba nimetoka, nasema basi kesho. Ile miwa ndiyo ilikuwa kuniambia kwake. Na mimi kuipokea ndiyo kulikuwa kumjibu. Lakini kwa mdomo, hapana. Mpaka alipoanguka."

Nilikasirika. Sitaficha. Watu wazima wawili, nyumba moja, moto mmoja, na mtu anakwisha katikati yao huku mtoto anafukia majivu akidhani ni mchezo. Nilitaka kumwambia hivyo hivyo, na maneno nilikuwa nayo mdomoni. Mama aliniona, kwa maana ananijua, lakini hakujitetea. Aliuliza kitu kingine.

"Mumeo hajambo?"

"Hajambo. Amechoka tu siku hizi."

"Amechoka nini, naye amestaafu?"

Nikaanza kuyapanga kichwani. Baba Neema alihamia chumba cha wageni tangu kiangazi kianze, akisema joto, na joto limepita hajarudi. Anaacha nusu ya chakula, anasema amekula kwa rafiki yake. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari, nilimwona akiutoboa, nikampisha mlangoni na kapu langu la sokoni. Nimekuwa nikiyaona hayo asubuhi hadi jioni, na kila nilipoyaona nilikuwa na daftari za wanafunzi za kusahihisha, au miguu inauma, au usingizi.

"Umemwuliza?" mama akasema.

"Bado."

"Basi usilale hapa, Mama Neema. Gari la kurudi bado lipo."

Siku zote huniita Agnesi, hata mbele ya wajukuu. Nilibeba mkoba wangu nikaondoka, na njia nzima ya kushuka mlima nilikuwa najiambia labda ni joto kweli, labda kweli anakula kwa rafiki yake.

Nilimkuta barazani, redio iko mapajani, jua linakaribia kuzama. "Umerudi leo hii hii?" akasema. "Mama hajambo?"

"Hajambo." Sikuvua viatu, sikuweka mkoba chini, maana nilijua nikikaa tu nitachoka. "Baba Neema, unaumwa nini?"

"Aa, ni uchovu tu wa..."

"Sikukuuliza uchovu. Nimekuuliza unaumwa nini."

Alinitazama. Kisha akazima redio, akaiweka pembeni, akasogea kidogo kwenye benchi kunipa nafasi.

"Kaa kwanza," akasema.